Hela ya kigeni na ATM za nje: maswali ya wasafiri wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Nina duka la vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mzigo wangu mwingi naufuata Lusaka na Lilongwe, mara mojamoja Dubai. Kwa hiyo haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni na kuniuliza: "Mama, kule hela unabebaje?" Wengine hunipigia simu kutoka Iringa na Njombe, wana mtoto anayesoma nje au mgonjwa anayepelekwa India. Maswali ni yaleyale, na makosa ni yaleyale. Nimeyaandika hapa kwa sababu nimeona watu wazima wakilia stendi za ugenini kwa jambo ambalo dakika tano za maelezo zingelizuia.

## Kabla ya kutoka nyumbani

Nibebe hela taslimu au nitegemee kadi?

Vyote viwili, na njia ya tatu: mtu uliyemwacha nyumbani. Mimi husafiri na njia tatu zisizotegemeana: dola taslimu, kadi mbili za benki tofauti, na ndugu aliyebaki Mbeya mwenye hela kidogo na jina langu kama lilivyo kwenye pasi ili aweze kunitumia. Ikifa moja, zinabaki mbili. Karibu kila aliyekwama niliyemsaidia alikuwa na njia moja tu: kadi peke yake, au bunda lote ndani ya mkoba mmoja.

Taslimu igawanye. Ya njiani iwe mfukoni, kubwa iwe mwilini chini ya nguo, na kadi ya pili isikae pochi moja na ya kwanza.

Kadi yangu ya hapa itafanya kazi nje?

Igeuze uiangalie. Ikiwa na nembo ya Visa au Mastercard, mashine yenye nembo hiyohiyo inaweza kuisoma popote duniani. Ikiwa na nembo ya UmojaSwitch peke yake, hiyo ni ya mashine za hapa nchini. Ukivuka Tunduma imeishia hapo.

Nembo pekee haitoshi. Benki nyingi hufunga matumizi ya nje kwa usalama wa mteja mpaka mteja mwenyewe aombe. Angalia pia tarehe ya mwisho wa kadi. Kuna dada wa Uyole kadi yake iliisha muda akiwa safarini, na kadi mpya ilikuwa inamsubiri tawini Mbeya.

Nikienda benki niwaambie nini hasa?

Waambie nchi unazokwenda na tarehe, kisha uliza mambo manne: kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje? Kiwango cha juu cha kutoa kwa siku nje ya nchi ni kiasi gani? Makato ya kutoa kwenye ATM ya nje ni kiasi gani? Na namba ya kupiga nikiwa nje ni ipi? Hilo la mwisho watu hulisahau. Namba ya bure inayoanza na 0800 haipigiki ukiwa ng'ambo, hivyo unahitaji namba kamili inayoanza na +255. Iandike kwenye karatasi, maana simu nayo huibiwa.

Dola nizipate wapi, na ziwe za aina gani?

Nunua benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, na uchukue risiti. Usisubiri asubuhi ya safari, kwa sababu tawi linaweza kukosa dola siku hiyo. Anza wiki moja kabla.

Chagua noti kama unavyochagua nyanya. Noti ya dola 100 hupata bei nzuri kuliko za 1, 5, 10 au 20, na tofauti si ndogo. Zenye picha ya kichwa kidogo, za miaka mingi iliyopita, hukataliwa madukani ingawa Marekani yenyewe bado inazitambua. Mimi hupendelea mia za toleo lenye utepe wa bluu lililotoka Oktoba 2013. Noti isiwe na mhuri, maandishi ya kalamu, mchaniko wala alama ya kukunjwa sana. Ukipewa iliyochoka, irudishe palepale dirishani.

Chukua pia dola ndogo chache kwa mambo ya njiani, ila akiba iwe ya mia.

Kiasi gani cha taslimu naruhusiwa kubeba?

Ukitoka au kuingia Tanzania na taslimu inayofikia dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa fedha yoyote, unatakiwa kuitamka kwa forodha. Kutamka si kosa na si kodi. Kosa ni kunyamaza, halafu ikakutwa. Nchi unayoingia ina kiwango chake na kinaweza kuwa chini ya hapo, kwa hiyo uliza dirishani kabla ya kuvuka. Risiti ya benki inasaidia sana hapa.

## Mpakani: Tunduma na Kasumulu

Nibadilishe Mbeya, Tunduma, au nisubiri nifike Lusaka?

Kwa Zambia mimi hubadilisha kidogo Tunduma, kiasi cha chakula, maji na dharura ya siku mbili. Kubwa nafanya Lusaka, benki au duka lenye leseni. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka huo, wanapokea hata shilingi yetu madukani, lakini ukishaiacha Nakonde kuna kama kilomita 1,000 hadi Lusaka, na huko kati, Isoka, Mpika, Serenje, shilingi haikusaidii.

ATM zipo Nakonde, ila usizifanye tumaini lako la pekee. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba, umeme Zambia ulikatika saa nyingi kwa siku, na nilikuta mashine zimezima mji mzima. Kumbuka pia kwamba saa za Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukifika mapema kwa saa ya Tunduma, benki ya ng'ambo bado haijafungua.

Wale vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi wanaaminika?

Wapo wanaofanya kazi yao kwa haki, lakini wewe mgeni huwezi kumjua yupi ni yupi. Tena biashara hiyo ya barabarani haina leseni. Ukiibiwa huna pa kushitaki.

Nitasema yaliyonipata. Safari yangu ya kwanza nilishuka kwenye kosta Tunduma, na kijana akanihesabia kwacha za mia mbele ya macho yangu, moja hadi thelathini, kwa sauti. Akanipa. Nikahesabu mwenyewe, ishirini na tisa. "Samahani mama, lete niongeze." Akachukua bunda lote, akaweka noti moja juu nikiona, akalikunja katikati, akanisukumia mkononi: "Ficha haraka, askari hao." Nililifungua ndani ya basi karibu na Isoka. Noti kumi na nane. Alipokunja, zile za chini zilibaki kiganjani mwake. Ile noti moja iliyopungua ndiyo ilikuwa mtego wenyewe, ilikuwa sababu ya kulirudisha bunda mkononi kwake.

Tangu siku ile bunda likishaingia mkononi mwangu halirudi. Ikipungua moja, anipe hiyo moja. Akitaka bunda, namrudishia lote na mimi nachukua hela yangu yote, tunaachana. Na sipokei bunda lililokunjwa.

Mitego mingine niliyoiona: kikokotoo chao kimechezewa, basi tumia simu yako. Watu wawili wanakusemesha kwa pamoja, mmoja anataja bei, mwingine anauliza unakwenda wapi. Na noti zilizokwisha muda. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, hivyo noti ya maelfu ni ya kale na duka haliipokei. Machi 2025 wakatoa tena noti mpya, zikiwemo za 200 na 500, na zile zilizotangulia zikapangiwa kuondolewa. Omba za toleo jipya.

Mwenye uwezo wa kusubiri benki, asubiri benki. Tangu Oktoba 2019 kituo cha Tunduma na Nakonde ni cha pamoja, taratibu zote zinamalizwa mahali pamoja, kwa hiyo muda wa kwenda kutafuta dirisha halali upo.

Nitajuaje bei ni nzuri?

Angalia bei ya siku kwenye tovuti ya Benki Kuu au ubao wa benki yako, uiandike kabla ya kutoka. Kila mbadilishaji ana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na faida yake iko katikati.

Tuseme, kwa mfano tu, kwacha moja ya Zambia ni shilingi 110. Milioni moja ingekupa kwacha 9,090. Mtu akikuuzia kwa 118 unapata 8,474. Zimeondoka kwacha 616, karibu shilingi 68,000, na hakuna aliyekuibia, umekubali mwenyewe. Ndiyo maana siku zote naomba nitajiwe jumla: "Nikikupa milioni moja, naondoka na kwacha ngapi mkononi?" Neno "bila makato" ubaoni halina maana kama bei yenyewe imeshabebeshwa makato.

Malawi kuna bei mbili. Nifuate ipi?

Ni kweli ziko mbili. Malawi ina uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Novemba 2023 waliishusha thamani kwacha yao kwa asilimia 44, na hata baada ya hapo mitaani dola imeendelea kuuzwa ghali kuliko benki. Ukipita Kasumulu utaitwa kwa bei inayokufanya ujione umeokota.

Ushauri wangu ni dirisha halali. Biashara ile ya mitaani ni kosa kisheria, na anayekamatwa ni wewe mgeni mwenye bunda. Nakubali kwamba inauma, hasa kwa mfanyabiashara mdogo wa mchele wa Kyela anayeona tofauti ile kama faida ya mwezi mzima. Lakini nimeona mtu akinyang'anywa mtaji wote Karonga, na bei nzuri haikumsaidia.

Ukitoa kwenye ATM ya Malawi kwa kadi yako, unahesabiwa karibu na bei rasmi, hivyo kila kitu kitaonekana ghali. Na noti yao kubwa ni ya 5,000, kwa hiyo andaa mfuko: hela ya kawaida ya safari inakuwa furushi.

Na madereva wanaokwenda Lubumbashi?

Kongo dola inatumika waziwazi pamoja na faranga, hata ATM nyingi hutoa dola. Ugumu ni hali ya noti. Kachaniko kadogo pembeni, kadogo kama jino la mjusi, noti inakataliwa. Lakini dola yenyewe ikichakaa kwa kukunjwa bila kuchanika wanaweza kuipokea. Faranga uwe nazo kwa vitu vidogo.

## Mbele ya mashine

Nichague ATM ipi?

Iliyo ndani au ukutani mwa tawi la benki, saa za kazi. Kadi ikikwama kuna mtu wa kumwita. Mashine ya peke yake baa, kituo cha mafuta au kona ya uwanja wa ndege mara nyingi ina makato makubwa zaidi, na usiku hakuna wa kumuuliza.

Tikisa kidogo mdomo wa mashine wa kuingizia kadi kabla hujaingiza. Ukicheza, au una gundi, nenda kwingine. Funika namba kwa kiganja hata kama uko peke yako, maana kamera ya mwizi hukaa juu.

Skrini inaniuliza kama nataka kukatwa kwa shilingi za Tanzania. Nikubali?

Hapana. Katika ukurasa huu wote, kama utakumbuka jambo moja, nakuomba liwe hili.

Unaomba dirham au randi, mashine inakuletea ujumbe wa upole: utakatwa shilingi kadhaa, bei hii imehakikishwa, bonyeza kukubali. Mtu wetu anaona shilingi, anaona kitu anachokijua, anabonyeza. Kumbe bei hiyo imepangwa na mwenye mashine, na huwa juu ya bei ya Visa au Mastercard kwa asilimia tatu hadi zaidi ya kumi. Mfano: dirham 1,000 ambazo kadi yako ingezihesabu shilingi 700,000, kwa nyongeza ya asilimia sita zinakuwa 742,000. Elfu arobaini na mbili kwa kubonyeza kitufe.

Tafuta maneno ya Kiingereza "decline conversion" au "without conversion". Wengi huogopa kwamba wakikataa hela haitatoka. Inatoka, ila unahesabiwa na mtandao wa kadi yako. Vivyo hivyo dukani na hotelini: mashine ya malipo ikikuuliza fedha ya kulipia, chagua fedha ya nchi uliyopo. Mwuzaji wakati mwingine hukuchagulia, basi soma risiti kabla ya kuweka namba ya siri.

Kwa nini nilikatwa zaidi ya nilichotoa?

Kuna watu watatu wanaokula njiani: benki yako kwa huduma ya nje, mwenye mashine, na anayebadilisha fedha. Wa pili anatakiwa kukuonyesha makato yake kwenye skrini kabla hujathibitisha. Yakikuudhi, futa muamala na ujaribu benki ya jirani. Wa tatu ndiye niliyemweleza kwenye swali la juu.

Nitoe nyingi mara moja au kidogokidogo?

Makato mengi ni ya kila muamala, kwa hiyo mara tano za kidogo ni makato matano. Natoa ya siku tatu au nne. Kutoa yote siku ya kwanza ni kujibebesha hatari ya taslimu, ile niliyoigusa mwanzoni.

Mtu amesimama nyuma anataka kunisaidia. Nifanyeje?

Mwambie hapana, hata kama amevaa sare, hata kama ni Mtanzania mwenzako. Johannesburg hasa, wizi wa kubadilishiwa kadi huanza na msaada: anakuonyesha pa kubonyeza, kadi inatoka, anakurudishia inayofanana na yako. Nawaomba watoto wenye wazazi wanaosafiri wawafundishe kutumia ATM hapa Mbeya kwanza, mara mbili tatu, mpaka wasihitaji msaada wa mtu. Mama aliyezoea kumtuma mjukuu dukani kwa wakala asianze kujifunza ugenini.

## Mbali zaidi ya jirani

Dubai nibebe nini?

Dola. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Hiyo ni raha kwa sababu huhitaji kuuliza bei: noti ya mia inapaswa kukupa karibu dirham 367. Ukipewa 345 uwanja wa ndege, tembea. Shilingi zetu usizipeleke.

China wanasema hawapokei hela kabisa. Ni kweli?

Si kweli kabisa, ila Guangzhou watu hulipa kwa simu, Alipay na WeChat, hata kwa muuza viazi. Tangu 2023 unaweza kuunganisha Visa au Mastercard ya nje kwenye programu hizo. Fanya hivyo ukiwa bado Mbeya, na pasi yako mkononi, kwa sababu benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako. Bado beba dola, na ATM za benki kubwa hutoa yuan. WhatsApp imezuiwa kule, kwa hiyo ndugu yako wa dharura awe amejiunga WeChat kabla hujaondoka.

Tunampeleka mgonjwa India. Tujiandae vipi?

Bili kubwa ya hospitali ilipwe kutoka benki kwenda akaunti ya hospitali, msibebe taslimu. Rupia za matumizi mtazipata mkifika. Mashine nyingi hukomea rupia 10,000 kwa mara moja, hivyo makato yanajirudia; hesabuni hilo. Noti ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, kwa hiyo noti kubwa ni ya 500, msikubali ya 2,000 kwa mtu. La muhimu kuliko yote: kadi iwe ya anayemuuguza, siyo ya mgonjwa. Nimewahi kupokea simu ya usiku, mgonjwa yuko chumba cha upasuaji na namba ya siri anaijua yeye tu.

## Mambo yakiharibika

Mashine imekata hela lakini haikutoa.

Usiondoke haraka, na usijaribu tena palepale. Subiri kama dakika moja. Piga picha skrini na namba ya mashine, andika saa na kiasi, weka risiti. Kisha ripoti kwa benki yako ya Tanzania, siyo ile ya ugenini, kwa sababu wewe ni mteja wa hapa na madai hupitia mtandao wa kadi. Omba namba ya lalamiko. Wakati mwingine hela hurudi yenyewe siku chache, wakati mwingine ni wiki kadhaa. Fuatilia, mpendwa, usichoke. Wengi huacha haki yao kwa kuchoka.

Kadi imemezwa.

Ukiwa tawini saa za kazi, ingia na pasi. Kama ni usiku au mashine ya peke yake, piga ile namba ya +255 na uifunge kadi hapohapo, ukiwa bado umesimama mbele ya mashine. Usikubali kurudia namba ya siri kwa ushauri wa mpita njia. Halafu tumia kadi ya pili.

Namba ya uthibitisho haiji kwenye simu.

Laini yako haijafunguliwa kwa matumizi ya nje, au umeitoa ili kuweka ya huko. Ifungue kabla ya safari, uweke salio, na uibakize ndani ya simu hata kama intaneti unatumia ya laini nyingine.

Nimebaki sina chochote.

Hapo ndipo yule ndugu uliyemwacha nyumbani anaingia. Anakutumia kupitia kampuni ya kutuma fedha, wewe unachukua kwa pasi na namba ya muamala. Jina lifanane herufi kwa herufi: Mwakyusa wa kwenye pasi asiandikwe Mwakiusa, dirishani watakataa. Pasi nayo ikiwa imepotea, anza polisi kuchukua ripoti, kisha ubalozi wa Tanzania.

## Ukirudi

Dola zilizobaki naweza kulipia mzigo Dar?

Hapana. Kanuni za 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Zibadilishe benki, au zitunze kavu na zimenyooka ndani ya kitabu kwa safari ijayo.

Na kwacha?

Zimalize upande wao, Nakonde au Songwe ya Malawi, ukinunua mafuta ya kula au sukari. Mbeya utapata shida kupata bei ya maana. Usiziweke kabatini miaka. Kenya waliifuta noti ya zamani ya 1,000 mwishoni mwa Septemba 2019, na hapa kwetu Benki Kuu ilitoa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 tu kubadilisha noti za zamani. Sarafu hakuna anayezibadilisha. Mimi nina kikopo cha kahawa dukani, na anayekwenda Lusaka hupita kuchukua chache za kulipia choo cha stendi.